Udongo Ndani ya Ndoo Nyekundu

Kila Jumamosi, akisha kufagia uwanja na kuteka maji, Drocella alishuka mtoni chini ya kijiji chao cha Kirolirwe kuchota mchanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yake katika kazi ya baba yake. Papa Nzabandora aliuza vyombo vya kuzimia moto: mitungi mizito iliyoletwa kwa lori kutoka Goma, na ndoo nyekundu za mchanga ambazo wenye maduka na maghala wa Masisi walizitundika ukutani. Mchanga huo ulianikwa na kuchekechwa kwanza, ndipo ndoo ijazwe. Papa hakupenda njia ya mkato.

Jumamosi moja Libérata, rafiki wa Drocella, alimpitia akielekea parokiani, kwenye mazoezi ya nyimbo za Pasaka. Ndoo alizoagiza Papa Floribert, mwenye nyumba ya kukaushia pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, zilikuwa bado tupu.

"Endelea kubeba mchanga kama punda," Libérata alimtania. "Sisi tutampa mwingine nafasi yako."

Drocella akautazama mteremko mrefu wa kwenda mtoni. Kisha akakitazama kinamasi kilichokuwa karibu, ambacho wanakijiji walikikausha ili walime maharagwe. Udongo wake ulikuwa mweusi, mkavu, mwepesi kama unga. Akazijaza ndoo udongo huo, akaufunika kwa tabaka jembamba la mchanga, akaenda kuimba. Jioni Papa alimsifu kwa bidii yake, naye akainamisha uso. Ndoo zikapelekwa.

Juma lililofuata, mama yake alikwenda naye kinamasini kuandaa shamba. Walichoma majani makavu. Miali ilipokufa, ardhi yenyewe iliendelea kufuka moshi. Drocella akasogea, ardhi ikamchoma nyayo. Mama akamvuta upesi na kumwaga maji pale.

"Usikanyage. Udongo wa hapa unawaka chini kwa chini, kama kuni."

Drocella akakumbuka zile ndoo. Aliiona akilini nyumba ya pareto: maua yaliyotandazwa juu ya tanuri, vumbi lake jepesi hewani, na wanawake wanaoyageuza, shangazi yake Adelaïde akiwa miongoni mwao. Siku ya hatari wangezikimbilia zile ndoo, nao wangemwaga kuni juu ya moto. Hakuna aliyemwona akizijaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hata hivyo, alipofika nyumbani alimweleza baba yake yote.

Papa Nzabandora hakumpiga wala hakufoka.

"Mimi njo nilizipeleka zile ndoo," alisema, "basi aibu ni yetu wawili. Lakini utasema wewe mwenyewe."

"Papa, mwenye pareto hatanunua tena kwako."

"Huenda. Twende."

Walitembea katika mvua mpaka nyumba ya pareto. Mbele ya Papa Floribert na wafanyakazi wake, Drocella alisema kosa lake bila kuficha. Mwanamke mmoja, Pétronille, akanong'ona kwamba siku hizi Nzabandora anauza matope yaliyopakwa rangi. Papa alisikia, akavumilia. Papa Floribert akachota udongo kutoka chini ndani ya ndoo moja, akauweka juu ya makaa. Haukupita muda, udongo ukaanza kuwa mwekundu kama kaa. Wanawake wakaacha kugeuza maua.

"Mutoto huyu angeweza kunyamaza," alisema shangazi Adelaïde, "na ni mimi ningeumwaga juu ya moto."

Papa aliomba tanuri lizimwe mpaka mchanga upatikane, na Papa Floribert akakubali. Baba na binti wakashuka mtoni na kupanda, wakashuka tena, shingo zikiwauma kwa mizigo. Adelaïde akawafuata na kikapu chake. Baadaye Pétronille naye akaja na kikapu. Mchanga uliolowa ukatandazwa juu ya matofali ya tanuri yaliyokuwa bado na joto, ukakauka. Kila ndoo ilipojazwa, Papa Floribert alizamisha mkono wake mpaka chini.

"Nitanunua tena kwako," alimwambia Nzabandora, "lakini nitapima hivi daima."

"Ufanye hivyo kwa kila muuzaji, hata kwangu."

Njiani kurudi, Papa alimshika Drocella bega.

"Mwanangu, mteja wetu hanunui rangi nyekundu. Ananunua uhai wa watu wake. Kazi yetu hukaa ukutani bila mtu kuitazama, na siku inapohitajika, hakuna tena nafasi ya kuitengeneza. Kwa hiyo ifanye vyema pasipo na macho ya watu. Na ukikosea, sema wewe kabla moto haujasema."