Jina Chini ya Rangi

Nyakerario alikuwa akifagia ngazi za hekalu la Wahindi mjini Kericho alipomwona mwanamke mzee asiyemjua amesimama langoni, viatu mkononi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kila siku kabla ya shule, Nyakerario alifagia badala ya mama yake, Jerusa, mfagizi wa hekalu aliyevimba magoti. Alikuwa amechoka hadi kope zilimwelemea.

Mgeni alijitambulisha kuwa Bi. Kanchan. Alizaliwa Kiptere, si mbali na hapo, akahamia ng'ambo akiwa msichana. Alieleza kwamba babu yake alifika na mkokoteni wa ng'ombe, akauza chumvi na blanketi. Wenye maduka walipoamua kujenga hekalu, kila Jumapili walifunga milango wakabeba mawe pamoja na mafundi. Mwishowe majina yao yakachongwa kwa herufi za Kihindi kwenye jiwe kando ya mlango.

"Nionyeshe hilo jiwe, mwanangu," alisema.

Nyakerario akaacha kufagia. Mwaka jana, akisafisha kwa ajili ya sikukuu ya taa, aliona michirizi ya ajabu kwenye jiwe lenye ukungu. Akadhani watoto wamechorachora. Akalipaka rangi nyeupe iliyobaki, mara mbili. Waumini siku hizi ni wachache, na hakuna aliyeuliza.

Angeweza kusema mvua iliyafuta majina. Akisema ukweli, huenda mama yake angefutwa kazi. Akauliza kwa sauti ndogo kama mgeni hangeweza kuzuru kaburi la babu yake badala ya jiwe.

"Sisi huchoma maiti, na majivu huchukuliwa na mto," alisema Bi. Kanchan. "Babu hana kaburi. Ana jina hilo tu."

Nyakerario akakumbuka kaburi la babu yake, Mzee Nyamwange, kando ya migomba kwao Kisii. Mama yake hulipalilia kila Desemba.

"Nyanya, ni mimi niliyelipaka rangi. Mama hana kosa."

Bi. Kanchan akasema ataondoka Jumamosi adhuhuri. Nyakerario akaahidi kwamba jina litakuwa limeonekana kabla ya hapo.

Jioni mbili alikwangua kwa kijiko hadi vidole vikachubuka. Jumamosi ilikuwa fainali ya netiboli kule Kabianga, naye ndiye mfungaji.

"Unatuacha kwa sababu ya ukuta?" nahodha wao, Abigael, alimuuliza.

"Si ukuta. Nilimwahidi mtu."

Jumamosi asubuhi alikuwa bado anakwangua lori la wachezaji lilipopita, wenzake wakiimba. Hakuinua kichwa. Mama yake, aliyekwisha kusimuliwa yote, hata uongo uliokaribia kusemwa, alikuja akichechemea, akaketi kando yake na kijiko cha pili.

Adhuhuri Bi. Kanchan alipitisha kidole kwenye herufi, mstari kwa mstari, akasimama kwenye wa mwisho. "Huyu hapa," alisema. Yeye mwenyewe akamweleza mwenyekiti wa hekalu yaliyotokea. Mwenyekiti aliomba tu jiwe lisipakwe rangi tena.

Jioni Abigael alileta habari: wamefungwa kwa bao moja. Nyakerario akalia kidogo. Mama yake akamfunga vidole kwa kitambaa.

"Rangi uliipaka bila kujua," alisema taratibu. "Uongo ungeusema ukijua. Kosa la kwanza tumelikwangua kwa kijiko, mwanangu. Hilo la pili tungelikwangua na nini?"