Kumi na Saba Nyeusi

"Ukiweka kwenye nyekundu na ikatoka nyekundu, unapata mara mbili. Ukiweka kwenye namba moja tu, ikitoka, unalipwa mara thelathini na tano. Umeelewa, mpenzi?"

"Nimeelewa. Na isipotoka?"

"Isipotoka, huyu dada anazoa kila kitu."

Huyu dada alikuwa Shamsia. Alisimama nyuma ya gurudumu la ruleti pale kasinoni, shati jeupe, kizibao cheusi, viganja juu ya kitambaa cha kijani. Na mwanaume aliyekuwa akimfundisha mwanamke mwingine kucheza, mkono kiunoni kwake, alikuwa Mikidadi, mchumba wa Shamsia. Ndoa ilikuwa imebakiza siku tisa.

Mikidadi hakuja kwa bahati mbaya. Alijua zamu ya Shamsia inaanza saa tisa alasiri. Alijua pia kwamba mchezeshaji haruhusiwi kupiga soga na mteja, wala kuondoka mezani mpaka apokelewe. Angekwenda kuvunja uchumba kule Mafiga, nyumbani kwa Shamsia, majirani wangetoka na miiko ya kupikia kumpiga. Hapa angesikilizwa kimya.

Yule mwanamke, Zuhura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, akasukuma noti zake mezani.

"Nipe vibao vya chungwa."

"Chungwa ni ya dada," Shamsia akatangaza. Mezani pale kila mchezaji hubadilishiwa noti kwa vibao vya rangi yake, ili malipo yasigombaniwe.

"Miki, mbona ananikazia macho?"

"Mzoee. Ndiye yule niliyekwambia."

"Yupi?"

"Wa Ijumaa ya tarehe kumi na saba."

Zuhura akaacha kutafuna bigijii. "Mchumba wako? Ndiyo ukanileta hapa?"

"Hawezi kusema kitu. Akifungua mdomo, kazi hana. Si ndiyo, Shamsia?"

"Wekeni, tafadhali," Shamsia akasema.

Mikidadi akazoa vibao vyote vya chungwa, akavirundika juu ya namba kumi na saba.

"Tarehe ya ndoa. Ikitoka, namuoa. Isipotoka, Mungu kakataa, siyo mimi. Wakwe wasinilaumu."

"We mwanaume! Unamchezea mtu kamari, tena kwa hela yangu?"

"Namba ziko thelathini na saba, mpenzi. Tulia. Nishakuchagua wewe."

Shamsia alipaswa kumwita msimamizi kabla hajazungusha. Sheria ilitaka hivyo: ukiwa na mtu wako mezani, sema. Hakusema. Miaka mitatu haitoki moyoni kwa dakika tano, na moyo wake mpumbavu, pamoja na yote aliyoyasikia, ulikuwa unaiombea kumi na saba.

Akazungusha. Kigololi kikakimbia ukingoni, kikachoka, kikarukaruka.

"Mwisho wa kuweka."

Kikalala.

"Kumi na saba. Nyeusi."

Zuhura akapiga ukelele. Mikidadi alibaki mdomo wazi kama aliyemwagiwa maji ya mtungi.

"Simamisha meza." Alikuwa Thobias, msimamizi, aliyekuwa nyuma yao muda wote. "Kaka, nimesikia unasema utamuoa mchezeshaji wangu. Kama ni mchumba wako, mzunguko huu ni batili. Mnarudishiwa mlichoweka, malipo hakuna. Kama hana uhusiano na wewe, utaandika na kusaini, kisha tunalipa. Ni nani kwako?"

Mikidadi akatazama lile rundo. Akamtazama Shamsia. Akarudi kwenye rundo.

"Si mtu wangu."

"Unamfahamu?"

"Namuona leo mara ya kwanza. Yale yalikuwa matani."

"Shamsia?"

"Umemsikia mwenyewe, bosi. Mimi sina la kuongeza."

Karatasi ikaletwa. Mikidadi akaandika, akasaini. Nakala moja akapewa Shamsia. Kisha Shamsia akapanga malipo, mnara juu ya mnara, akayasukuma. Hayakwenda kwa Mikidadi.

"Sista, huku!"

"Chungwa ni ya dada."

"Zuhura, waambie sisi ni kitu kimoja."

Zuhura alikuwa keshafungua mkoba. "Kitu kimoja? Si umeniona leo mara ya kwanza?"

Akaenda dirisha la malipo, akachukua chake, akapanda bodaboda. Hakugeuka.

Jioni ile ile meseji ikaingia kwa Shamsia:

"Mke wangu, nilisaini ili tupate hela ya harusi yetu. Ni shetani tu. Kumi na saba imetoka, Mungu kakubali. Nisamehe."

Shamsia akajibu: "Njoo Ijumaa na wazee wako wote. Usimwache hata mmoja."

Kisha akampigia mjomba wake, mzee Said, kule Kinole milimani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Mjomba, ile kazi ya hoteli niliyowaambia ni uongo. Nazungusha ruleti, kasino."



"Kamari?"

"Kamari."

"Na hilo ndilo ulilonipigia?"

"Hilo ndilo dogo."

Ijumaa walipanda Kinole watu kumi na mmoja, Mikidadi akiwemo, kanzu zimenyooka, mbele yao mzee Hafidhi, baba yake Mikidadi. Pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Hivyo hata shehe alinyamaza mzee Said alipokohoa.

"Mikidadi, unamfahamu binti huyu?"

"Namfahamu, mjomba."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Mzee mwenzangu Hafidhi, macho yangu hayaoni maandishi. Hebu nisomee karatasi hii."

Mzee Hafidhi akavaa miwani.

"'Mimi, Mikidadi Hafidhi, natamka kwamba simfahamu mchezeshaji wa kasino, Shamsia, wala sina uhusiano naye wa undugu au uchumba...'" Akaishusha karatasi. "Mikidadi, saini hii ya nani?"

"Baba, siku ile ilikuwa..."

"Nimeuliza saini."

"Yangu."

Wanawake wakaanza kunong'ona. "Mchezeshaji? Shamsia yuko kasino?"

Mzee Said akanyanyua mkono. "Kazi yake nimemgombeza, na nitaendelea kumgombeza. Hilo ni la ukoo wetu. Huyu kijana ndiye asiye wetu." Akaiweka bahasha ya mahari mkekani, mbele ya mzee Hafidhi. "Kuleni. Pilau imepikwa kwa ajili ya wageni, na nyie ni wageni. Mkishiba, njia mnaijua."

Wakala. Kukataa chakula kungekuwa tusi la pili, kwa hiyo walikula wote, vichwa chini. Mikidadi peke yake hakupewa sahani. Akamfuata Shamsia mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Wewe si ndiye uliyeniambia nije?"

"Ndiyo. Nilitaka akusomee baba yako."

Mzee Hafidhi akanawa mikono, akasimama. "Shamsia mwanangu, tusamehe." Kisha, bila kumtazama mwanawe: "Gari litashuka na watu kumi. Wewe una miguu."

Mlio wa gari ukapotea mlimani. Shamsia akapakua sahani ya pilau, akakaa kwenye mkeka wa harusi yake, akala mpaka akamaliza.