Darasa Juu ya Takataka

Kila asubuhi Hadia alikaanga mandazi mbele ya nyumba yake, mtaani Laini Saba, na watoto walinunua wakienda kwenye shule aliyoijenga kando ya mto. Sasa hapakuwa na shule. Mto ulifurika ukabeba madarasa yote matatu, na watoto sitini wakabaki kuzurura kwenye reli, treni zikipita. Hadia alikuwa na hasira hata mafuta yakimrukia hakuyasikia.

"Tunajenga pale pale, wiki hii," alimwambia Fundi Kavindu, wakisimama shule ilipokuwa. "Tukingoja, mtu atanyakua hiyo ploti."

Kavindu hakubishana. Alichukua nondo, akaichoma ardhini. Ikazama karibu yote. Alipoichomoa, ilitoka na kipande cha nailoni nyeusi.

"Hii si ardhi, mama. Ni takataka zimefunikwa na udongo. Maji yakijaa yanapita chini, yanazoa kila kitu."

"Kwani hapa nani hajazi hivyo?"

"Wote wanajaza. Na wote wanabebwa."

Hadia alichemka. Ni yeye aliyeita mikokoteni ya takataka kabla ya kujenga shule, ili ausukume mto nyuma na kuongeza ploti hatua kumi. Alitaka kumtukana Kavindu, akaona matusi yote yanamfaa yeye mwenyewe.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza kwa ukali.

"Toka kando ya mto. Chimba mpaka udongo mgumu, ndipo uweke msingi wa mawe. Inua sakafu ifike magotini. Na milango ifunguke kwa nje, watoto watoke haraka bila kukwama."

Juu mlimani Hadia alikuwa na ploti ya kujenga vyumba vya kupangisha. Siku mbili alinuna. Siku ya tatu akawaita wazazi, wakaanza kuchimba msingi wa shule huko.

Mvua za Aprili zilipokuja, mto ulipanda tena. Kwenye madarasa mapya hakuna daftari lililolowa. Maji yalipopungua, Hadia alishuka mtoni. Mwanamume mmoja alikuwa akimwaga mkokoteni wa takataka pale pale shule ilipokuwa.

"Unafanya nini?"

"Najaza, mathe. Nataka kujenga nasari ya watoto wadogo."

Hadia akaushika mkokoteni kwa mikono yote miwili.

"Shule yangu ilikuwa hapa. Ilibebwa Jumapili. Ingekuwa Jumatatu, ningezika watoto sitini. Twende juu, fundi akuonyeshe pa kuchimba. Hapa humwagi hata karai moja."

Hakuuachilia mkokoteni mpaka ulipogeuzwa kuelekea juu.