Mstari wa Nusu Kijiko

Wakati wa likizo Nelvine alichuma chai na mamake asubuhi, na alasiri akashuka Kapkatet kwa shangazi yake, Elmina, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa. Ilikuwa mwaka wa 1997. Elmina alikuwa amemfunza msichana huyo wa darasa la saba kutumia kompyuta, na alijivunia sana vidole vyake vyepesi.

Alasiri moja, Nesi Nyakerario alileta disketi yenye mchoro. Ulikuwa wa kijitabu cha kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya mtoto anayeharisha. Maneno yalikuwa tayari, lakini mchoro ulipowekwa kwenye ukurasa, kilitokea kisanduku kitupu.

"Umechorwa kwa programu nyingine," Elmina alisema. "Nelvine, igeuze hiyo faili ili kijitabu kiikubali. Lakini mistari ibaki mistari. Ukiigeuza iwe nukta, ile myembamba itapotea. Kompyuta itakawia kidogo, wewe ingoje tu."

Kisha akampeleka Nesi kunywa chai hoteli ya jirani.

Nelvine alianza vizuri. Kompyuta ilijivuta kama ng'ombe mgonjwa. Mara rafiki yake Edinah akachungulia mlangoni.

"Mazoezi ya kwaya yameanza. Unakuja ama huji?"

"Nakuja sasa hivi."

Nelvine aliisimamisha kazi ile, akachagua nukta. Mchoro ukageuka upesi, na kwenye skrini ulipendeza. Akauchapisha.

Nesi aliporudi na Elmina alitabasamu. "Asante, mwanangu. Wacha nikatoe nakala."

Alipokuwa akimpa karatasi, Nelvine aliitazama tena. Kwenye kijiko cha chumvi, ule mstari mwembamba wa kuonyesha nusu haukuwepo. Kijiko kilionekana kimejaa. Hakuna mwingine aliyeona, na Edinah alikuwa bado anangoja mlangoni.

"Nesi," aliuliza polepole, "chumvi ikizidi, mtoto anaumia?"

"Sana. Anaweza hata kufa. Kwa nini?"

Nelvine aliirudisha karatasi mezani. "Basi usiende na hiyo. Nimeigeuza kwa njia ya mkato, na mstari wa nusu umepotea. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwaya."

Elmina alivuta kiti akaketi kando yake. "Tuanze upya, mama."

Edinah alienda peke yake. Nyimbo zilisikika kutoka kanisani huku hao wawili wakiingoja kompyuta, bega kwa bega. Hatimaye printa ikatoa ukurasa, na mstari ule ulionekana wazi kabisa. Nesi aliupima kwa kidole, akaridhika.

"Pole kwa kukosa kwaya," Elmina alimwambia Nelvine, akimshika bega. "Haraka ilikukosesha, na hilo humpata kila mtu. Lakini kosa likisemwa likiwa bado hapa mezani, ni karatasi moja tu tunayotupa. Ungenyamaza, lingebisha hodi kwa kila mama mwenye mtoto mgonjwa, na wewe hungekuwa pale kulisahihisha."