Uso Ulioonyeshwa Mara Moja

Giza lilikuwa linaingia na manyunyu yanaanguka nilipotoka nyumbani kwangu, Ogikubo, jijini Tokyo, kwenda studio kuchukua bahasha. Safari ya kawaida kabisa. Nilipita dukani nikanunua matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, nikavuta barakoa mpaka chini ya macho, nikainamisha kichwa. Tangu miezi ile ya majani kuanguka nilikuwa natembea hivyo, kama mtu anayekwepa wakwe zake.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wachora katuni tunayazoa. Katuni ikienda hewani na makosa, tunainama, tunaomba radhi, halafu tunangoja diski ya kuuzwa. Televisheni haimsubiri mtu. Saa ikifika, kilichopo ndicho kinachorushwa. Lakini diski hutoka miezi kadhaa baadaye, na kabla haijatoka tunarudi nyuma kuchora upya palipoharibika. Mnunuzi akiiweka nyumbani kwake anakuta pua zimerudi mahali pake. Jioni ile nilikuwa nakwenda kuzoa maji yangu.

Maji yenyewe yalikuwa uso wa mtoto mmoja. Katika hadithi anaitwa Koyuki. Anashuka kwenye treni, anakimbia kwenye theluji mpaka nyumba ya bibi yake, anafungua mlango, anashika fremu kwa mkono mmoja na kutabasamu. “Bibi, nimefika.” Basi, ni hayo tu, sekunde chache. Kipande hicho kilikuwa changu. Nilikichora usiku kucha bila kulala, kwa sababu ratiba ilikuwa imeshakufa na sisi tulikuwa tunazika tu. Mkaguzi hakupata nafasi ya kukigusa. Kikaenda hewani hivyo hivyo: jicho la kushoto limeshuka, mdomo umeteleza upande mmoja, na ule mkono wa mlangoni una vidole sita.

Watu wakaisimamisha picha. Wakaisambaza. Wakaipa jina: Andazi Lililokaliwa. Nilimwona msichana wa shule kwenye treni amelibandika nyuma ya simu yake. Mwingine akaenda mbali zaidi, akasimamisha majina ya mwishoni na kulizungushia duara jekundu jina langu. Hosoya Chinatsu.

Jina hilo ndilo mama yangu, kule kwetu Yokote, kaskazini, alilowaalika majirani waje kulisoma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutajwa. Aliwatengea chai na figili zilizokaushwa kwa moshi. Katuni ilipoisha akanipigia.

“Nimeona jina lako,” alisema.

Nikasikia anavuta kamasi. Akakata simu.

Sikumpigia tena. Ningeanzia wapi? Nilimwona akilini akiwasindikiza majirani mlangoni, wote wakijitia kuzungumzia hali ya hewa. Nikaapa kwamba sitampigia wala sitakanyaga nyumbani mpaka diski itoke na uso ule ufutike duniani.

Studio, Bi Munakata aliniona kabla sijavua viatu. Yeye ndiye mkaguzi wa michoro, mama wa makamo mwenye penseli kwenye nywele.

“Dada Hosoya! Vua hiyo barakoa, humu hakuna polisi.”

“Nina mafua, Bi Munakata.”

“Mafua tangu mwaka jana?”

Bwana Kuramochi, msimamizi wa ratiba, akainua kichwa nyuma ya rundo la karatasi. “Amekuja kuchukua andazi lake. Safari hii usilikalie, dada!”

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko kile cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Bi Munakata akanipa bahasha nene, yenye michoro yangu yote ya kipande kile.

“Ya zamani chini, karatasi za njano zenye masahihisho juu. Unajua kazi yako,” alisema. “Ila usichane hata mmoja. Ukimaliza nirudishie yote, niwape pole.”

Hiyo ni desturi yake. Michoro iliyochorwa upya haina kazi tena. Hupelekwa kiwandani ikageuzwa uji wa karatasi. Kabla haijachukuliwa, Bi Munakata huiinamia na kuiambia, “Poleni na kazi,” kama tunavyoambiana sisi kila jioni. Wageni humcheka. Yeye hujibu kwamba hao waliochorwa waliitwa wakaja, wakafanya walichoweza, na hata kibarua hafukuzwi bila pole.

Nilifika nyumbani nimelowa. Nikawasha meza ya taa ya kuchorea, nikafungua bahasha. Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa uso ule. Ukanitazama kwa jicho lake lililoshuka, unatabasamu, kama vile ulikuwa unanisubiri.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikauchana.

Nikachana na wa pili, na wa tatu, mpaka nyuso zote zikaisha. Nikazisokomeza kwenye mfuko wa taka za kuchomwa, juu ya majani ya chai na ngozi ya samaki. Sikusema pole.

Nilisema, “Potea.”

Kisha nikakaa kuchora. Kila mchoraji wa kazi hii ana kioo kidogo mezani; ukitaka kuchora tabasamu unatabasamu mwenyewe, unajitazama, unachora. Safari hii nilikigeuza kioo nyuma. Nikachora kwa kukariri, jicho huku, jicho kule, mdomo katikati. Ulikuwa uso mzuri, na mkono ulikuwa mwepesi. Mvua ikakatika bila mimi kujua.

Halafu nikasikia harufu...

Harufu ya theluji. Aliyekulia Yokote anaijua, inaingia puani kabla theluji yenyewe haijaonekana. Lakini Tokyo mwaka ule theluji ilikuwa haijaanguka.

Prrr...

Nikasimamisha penseli. Sauti ile naijua kuliko sauti yangu. Ni sauti ya karatasi zinazopekuliwa haraka kwa vidole, ili michoro ionekane kutembea. Naitoa mimi mwenyewe kutwa nzima.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mezani.

Prrr... prrr...

Ilitoka nje, kwenye ngazi. Inapanda. Inasimama. Inapanda tena, kama hatua za mtu asiyejua kutembea vizuri.

Ngo, ngo.

“Nani?” nilinong’ona.

Nikanyata mpaka mlangoni, nikaweka jicho kwenye tundu. Nikaona kofia nyekundu ya sufu. Juu ya kofia, theluji. Kichwa kilikuwa kimeinama, na chini ya kofia sikuona kitu.

“Nimefika,” ilisema sauti.

Haikuwa sauti ya yule mwigizaji wa kwenye katuni, nyororo, ya kupendeza. Ilitoka pembeni, ikivuja kama chai kwenye kikombe chenye ufa.

Mlango wangu una kijidirisha cha kuingizia barua. Kikainuka taratibu. Kidole kikaingia. Kikafuata kingine, na kingine. Vilikuwa bapa, vyeupe, vimechanika kingo, na kimoja kilikuwa na jani la chai limeganda. Vikapapasa hewa upande wangu.

Vilikuwa sita.

“Fungua... baridi.”

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Nasema kweli, ulikuwa tayari. Halafu nikamkumbuka msichana wa treni, na duara jekundu, na majirani wa mama.

“Nenda,” nilisema. “Wewe si wangu.”

Vidole vikatulia.

“Unanionea aibu?”

Sikujibu. Yeyote aliye nje ya mlango alielewa, maana hata mtoto mdogo huelewa kimya cha namna ile.

“Basi,” ilisema sauti, bila hasira, “nitakwenda kwa bibi.”

Vidole vikatoka kimoja kimoja. Prrr... prrr... ikashuka ngazi mpaka nisiisikie tena.

Asubuhi nilifungua mfuko wa taka. Majani ya chai yalikuwepo, ngozi ya samaki ilikuwepo. Kipande cha karatasi hakikuwepo hata kimoja.

Nilipeleka kazi mpya studio. Bi Munakata aliipekua mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaangalia ndani ya bahasha.

“Ile ya zamani iko wapi?”

“Ililowa. Niliitupa.”

“Uliipa pole?”

Nikatazama viatu vyangu. Aliguna tu. Halafu, mbele ya watu wote, akaiinamia bahasha tupu, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

Diski ilitoka theluji ya milimani ikianza kuyeyuka. Watu wakaweka picha mbili pamoja, ya televisheni na ya diski, wakashangilia. “Andazi limeumuka!” waliandika. Bwana Kuramochi alininunulia kahawa ya kopo. Nikatembea barabarani uso juu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamtumia mama diski yake, nikangoja anipigie.

Alipiga jioni.

“Nimeitazama,” alisema. “Mmemtoa.”

“Tumemrekebisha, mama. Sasa unaweza kuwaita majirani.”

“Mzuri. Mzuri kama watoto wa watu.” Akashusha pumzi. “Mimi nilikuwa nampenda yule wa kwanza.”

“Mama, yule alikuwa fedheha. Ulilia kwenye simu, nilikusikia.”

“Nililia kwa kuwa alikuwa wewe!” Sauti yake ikapanda. “Umesahau ile homa iliyokuvuta uso ulipokuwa darasa la pili? Jicho hivi, mdomo hivi. Ulikuwa unarudi shule umejizungushia skafu mpaka puani. Ukishafungua mlango ukaniona ni mimi, unaivua, unacheka. Mimi peke yangu nilikuwa naonyeshwa. Ulipopona ukachana picha zote. Miaka yote hii, Chinatsu... Halafu nauona kwenye televisheni, uso ule ule. Nikashindwa kusema. Kibaya chako si chema cha mwenzio, mwanangu.”

Nilinyoosha mkono, nikakigeuza kioo cha mezani. Nikichoka sana, pembe ya kushoto ya mdomo wangu bado hushuka. Usiku ule wa ratiba iliyokufa sikuwa nimelala, na kioo kilikuwa mbele yangu. Sikuwa nimekosea kuchora. Nilichora nilichokiona, kisha nikaungana na watu wote kukicheka.

Niliona aibu kuliko siku ya duara jekundu.

“Nisamehe, mama. Nitakuja.”

“Njoo. Mwenzako hakungoja kualikwa.”

“Mwenzangu gani?”

“Yuko hapa tangu theluji nene,” alisema, kama mtu anayezungumzia paka aliyehamia kwake. “Alikuja amelowa chapachapa, amechanika vibaya, maskini. Nimempikia gundi ya wali nikambandika. Ila vipande vingine havikai, kila asubuhi narudia.”

Nyuma ya sauti yake, karibu sana na simu...

Prrr.

“Mama, huyo mtoto ana vidole vingapi?”

Mama akacheka. “Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemchora? Ngoja, anataka kukusalimia.”

Simu ikabadilishwa mikono. Nikasikia karatasi ikijikunja kuishika. Na chumbani kwangu, madirisha yote yakiwa yamefungwa, ikaingia harufu ya theluji.

“Mama,” ilisema ile sauti, polepole, kutoka pembeni. “Bibi alinifungulia.”

Begi langu liko mlangoni, nimeshalifunga. Barakoa nimeitupa. Kila jioni navaa viatu, nashika komeo, halafu navua viatu. Si kwamba namwogopa, ingawa namwogopa. Ni kwamba mama sasa ana miguu mibovu, na nikigonga kule Yokote atakayekimbilia mlango ni yule mtoto. Atauliza ni nani. Mimi nitasema nimefika.

Na anaweza asifungue.