Nyumba na Nafasi ya Mshono

Tangu asubuhi fundi cherehani alikuwa akiimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na mkewe alikwisha kumwambia hivyo tangu uchumba wao, lakini siku hiyo alimwacha. Kesho yake walikuwa watie saini mkopo wa nyumba ya vyumba vitatu, yenye baraza la kutosha cherehani mbili.

"Kwa mwezi ni sawasawa na kodi tunayolipa hapa," fundi alirudia. "Tena mwishoni nyumba ni yetu."

"Haya, baba," mkewe alijibu huku akishona vifungo. "Mimi nataka tu wanangu wasihamehame tena."

Hapo akaingia jirani yao na kitambaa. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa mikopo, na mtaa mzima ulimwita Mama Riba. Alisema jina hilo lina nafuu kuliko mengine aliyoitwa na wadaiwa.

"Nishonee gauni. Nimejipima mwenyewe, nikanunua kipande kinachonitosha kamili."

Fundi akacheka. "Mama, hapa gauni halitoki. Kuna mshono, kuna pindo, na kitambaa hiki kikifuliwa kitarudi."

"Na nyumba yenu je, umeiachia nafasi ya mshono? Benki uliuliza nini?"

"Kwa mwezi ngapi."

"Na nini tena?"

"Basi."

Mama Riba akavuta kigoda. "Mwanangu, pesa ya kila mwezi ina sehemu mbili. Moja inapunguza deni. Nyingine ni riba, malipo ya kutumia pesa za benki. Miaka ya mwanzo riba ndiyo hula sehemu kubwa, kwa hiyo deni hushuka polepole. Ukirefusha miaka, malipo ya mwezi yanapungua, lakini jumla yake inakuwa kubwa zaidi. Na riba yenyewe inaweza kupanda; uliza. Halafu kuna kuwalipa mwanasheria na mthamini wa nyumba, tena bima na kodi ya jengo. Bati likivuja, hakuna mwenye nyumba wa kumgombeza."

"Na tukishindwa kulipa?" mke aliuliza.

"Nyumba ndiyo dhamana. Benki inaweza kuiuza."

Kifungo kilimponyoka mke mkononi. Fundi alikasirika kidogo, maana hakuna anayependa kuharibiwa wimbo. Lakini zaidi aliogopa. Akiba yao yote ilikuwa iende kwenye malipo ya mwanzo, hata senti isibaki.

Kesho yake walikwenda benki wote wawili, ila hawakutia saini. Waliomba waandikiwe gharama zote, na jumla watakayolipa mpaka mwisho. Fundi alipoiona jumla ile, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Haikubadilika.

Mtu hujikuna ajipatapo. Walitafuta nyumba ndogo zaidi, ya vyumba viwili, yenye baraza la cherehani moja. Wakakopa kidogo, na akiba ya miezi kadhaa ikabaki. Fundi alinuna wiki nzima kwa ajili ya lile baraza pana.

Mwaka uliofuata riba ilipanda, tena wakati wateja wamepungua. Akiba ile ikawavusha. Hawakukosa kulipa hata mwezi mmoja, na watoto hawakuhama.

Kisha mvua ikanyesha, bati likavuja. Fundi alitoka nje kwa hasira kumtafuta mwenye nyumba. Alipofika mlangoni akasimama, akacheka peke yake.

Akachukua ngazi na nyundo, akapanda huku akiimba. Mkewe aliishika ngazi, na safari hii pia hakumwambia anyamaze.