Mama Mkwe Afika Jioni

Nanjala wa kijiji cha Sigalame hakuwa mtu wa kulala mchana. Jua likichomoza, alikuwa tayari shambani kati ya mistari ya karanga. Saa nne alikuwa amerudi, amelisha kuku, na chai ya mumewe iko mezani. Ukimkuta amekaa, basi anachambua karanga. Ndiyo maana jambo lililompata ng'ambo lilimuuma sana. Heri lingempata mvivu.

Binti yake, Sharlyne, ni muuguzi. Anaishi Perth, mji wa Australia, pamoja na mumewe Protus, kijana wa kijiji cha Rukala. Miaka miwili iliyopita walipata mtoto wa kwanza, mvulana. Wakamwita bibi aje amwone.

Mume wa Nanjala, Mzee Mugeni, ndiye aliyechagua ndege. Zilikuwa mbili. Moja ilifika Perth asubuhi, nyingine jioni. Mzee hakufikiri mara mbili.

"Ya asubuhi," alisema. "Mtu haendi ukweni giza ikiingia. Watasema umefuata chakula ya jioni."

Nanjala alikubali. Hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu utoto. Ukweni mtu huingia mchana, watu wakimwona. Tena mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Sharlyne alijua hayo, akamtafutia mama yake chumba kwa jirani, mjane Mkenya aitwaye Bridgit.

Ndege ilitua saa moja asubuhi. Saa tatu Nanjala alikuwa sebuleni kwa mkwe wake. Alikuwa amevaa gauni lake zuri la kitenge, amekaa kwenye kiti cha mbali kama heshima inavyotaka. Sharlyne akamweka mtoto mapajani pa bibi yake, kisha akaingia jikoni kukaanga mayai.

Nanjala anakumbuka mpaka hapo. Mengine aliambiwa. Macho yalijifumba, kichwa kikalala nyuma, mdomo ukafunguka, akaanza kukoroma. Mikono ikalegea. Mtoto akateleza. Protus aliruka kutoka upande wa pili wa sebule, akamdaka mtoto akiwa amefika magotini pa bibi. Nanjala alipofumbua macho, mkwe wake alikuwa amepiga magoti mbele yake, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kitenge.

Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Mtoto hakuumia, Mungu ashukuriwe. Lakini Nanjala alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkwe ambaye hata mkono hampi alikuwa amemwona akikoroma, tena amemgusa. Wiki tatu zote zilizobaki alikaa kwa Bridgit, hakukanyaga sebule ile tena. Sharlyne ndiye aliyempelekea mtoto. Aliporudi Sigalame, Protus akipiga simu, alimpa mzee aongee.

Mwaka huu Sharlyne alijifungua msichana.

"Mama, tumempa jina lako," alisema kwenye simu. "Ni Nanjala. Anabatizwa mwezi ujao. Protus amesema habatizwi mpaka uje umshike mwenyewe."

"Mbatizeni tu."

"Mama."

"Nimezeeka. Nitamwangusha mbele ya kanisa."

Nanjala alikata simu, akaenda nyuma ya nyumba, akalia. Alitaka kwenda kwa moyo wake wote. Lakini hakuiamini tena mikono yake.

Mzee Mugeni alimwona. Siku ya pili alimwambia avae viatu.

"Twende Busia," alisema. "Kuna ule msichana wa mzee Omoding anauza tiketi ya ndege. Tumuulize kama hii ugonjwa iko na dawa."

Msichana wa Omoding anaitwa Amuron. Ofisi yake ni ndogo na iko karibu na mpaka. Nje bodaboda zinaitana, na malori yanangoja kuvuka. Amuron ni Mteso, naye ana mama mkwe, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mambo ya heshima. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Nanjala alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Mama, ulifika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja asubuhi."

"Hiyo ni saa ya kule. Hapa kwetu ilikuwa saa nane usiku."

Nanjala alimtazama bila kuelewa.

"Kule jua inatoka mbele ya kwetu," Amuron alisema. "Perth wako mbele yetu saa tano. Hapa Busia ukivuka uende Uganda, saa ni ileile, ndio maana sisi hatujui hii shida. Lakini ukienda mbali, upande wa jua kutoka ama upande wa kuzama, unavuka masaa. Ndege inakufikisha haraka, mwili inabaki nyuma."

"Inabaki wapi?"

"Sigalame. Sasa, ulipokaa sebuleni saa tatu, mwili yako ilikuwa saa kumi usiku. Saa kumi usiku wewe hufanya nini?"

"Nalala."

"Basi ulilala saa yako ya kulala. Hiyo si uvivu wala uzee. Uliza dereva yeyote wa lori pale mpakani Malaba. Atakwambia saa kumi usiku ndio usingizi ni mbaya zaidi."

Kwa miaka miwili Nanjala alikuwa amejiita mzembe. Sasa alijisikia mwepesi, mpaka akaogopa kulia tena mbele ya mtoto wa watu.

"Sasa nifanye aje?"

"Chukua ile ya jioni. Inatoka Nairobi jioni, unabadilisha ndege usiku, kesho yake unatua Perth saa kumi na mbili jioni. Utachoka, sitakudanganya. Lakini utachoka saa ya watu wote kuchoka. Unakula kidogo, unajikaza mpaka saa tatu ama saa nne, unalala na wenye mji."

Mzee Mugeni alikohoa. "Msichana, mtu haendi ukweni jioni."

"Na nani amesema anaenda ukweni, mzee? Mama analala kwa nani?"

"Kwa Bridgit."

"Basi jioni afike kwa Bridgit. Ukweni ataenda kesho yake, mchana, jua ikiwa juu, kama vile nyinyi mnataka. Na atakuwa amelala."

Mzee alitafuta kosa katika maneno hayo, akalikosa. Tangu siku ile anasimulia habari hii kama kwamba yeye ndiye aliyeifikiria.

Amuron aliendelea. "Fika siku tano ama sita mbele ya ubatizo. Mwili hushika saa mpya polepole, karibu siku moja kwa kila saa moja. Na siku za kwanza, ukisikia usingizi, usishike mtoto. Sema tu umechoka, hiyo si aibu. Kuna dawa unakunywa kila siku?"

"Ya presha."

"Muulize daktari mapema utakunywa saa ngapi ukiwa safarini. Hiyo mimi siwezi kukwambia."

Siku tatu kabla ya safari, Nanjala alianza kujizoeza saa ya Perth, kama Amuron alivyomweleza. Siku ya kwanza alitangulia kulala kwa saa moja kuliko kawaida, na kuamka akatangulia vivyo hivyo. Siku ya pili akaongeza saa nyingine, na siku ya tatu nyingine.

"Sasa unalala na kuku," Mzee Mugeni alimtania.

"Na wewe utajipikia na kuku," Nanjala alijibu, akajifunika blanketi.

Alipoingia ndege ya pili, alirekebisha saa yake ya mkono iwe saa ya Perth. Alilala kidogo mwanzoni. Kisha alikaa macho, akanywa maji mengi, na kila alipoinuka kunyoosha miguu alimwomba radhi jirani yake. Chai aliikataa kuanzia mchana, ingawa ilimuuma kuikataa.

Sharlyne alimpokea jioni, akampeleka moja kwa moja kwa Bridgit. Walikula samaki na ugali kidogo. Bridgit alimsimulia habari za majirani wote, wazuri na wabaya, ili asisinzie. Saa tatu na nusu Nanjala alilala. Usiku aliamka mara moja. Hakuwasha taa wala hakugusa simu, na baada ya muda usingizi ukarudi. Saa nne asubuhi alikuwa barabarani na Bridgit, wanatembea juani. Mwanga wa mchana husaidia mwili kujua kwamba kumekucha.

Saa saba mchana aliingia kwa mkwe wake. Alikaa kwenye kiti kilekile cha mbali.

Protus alikuja akasimama mlangoni, macho yake sakafuni.

"Mama," alisema, "nimengoja miaka miwili nikuombe msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Niliweka mkono mahali haifai. Sikufikiria. Niliona tu mtoto anaenda chini. Halafu ukakataa kuongea na mimi, nikajua nimekuvunjia heshima."

Miaka yote ile Nanjala alidhani mkwe wake anamdharau. Kumbe na yeye, huku ng'ambo, alikuwa amebeba mzigo uleule.

"Mwanangu, ulimwokoa mtoto," alisema hatimaye. "Aibu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekoroma."

Jikoni Sharlyne alizuia kicheko. Protus hakuinua macho.

"Mimi sikusikia kitu, Mama," alisema.

Ulikuwa uongo mtupu, na ulimfurahisha Nanjala kuliko ukweli wowote aliowahi kuambiwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa na mjukuu mikononi. Alikuwa amelala vizuri siku tano. Mchungaji alipouliza jina la mtoto, Nanjala alilitaja mwenyewe, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. Mahubiri yalikuwa marefu. Mtoto akasinzia, na Protus, aliyetoka kazi ya usiku, naye akasinzia. Nanjala alimshika mjukuu wake mpaka wimbo wa mwisho, na mikono haikulegea.